Wasomaji Wauliza: Sanduku la Barua za Mama wa Kiquaker

Toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Marafiki, Wakristo wanaojulikana pia kwa jina la Waquaker, waliofika Pemba mwaka 1897. Ni mwaka ule ule ambao Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Marafiki hao walinunua shamba la karafuu Banani, karibu na Chake Chake, wakalima kwa vibarua wa kulipwa mshahara. Maswali yaliyotufikia baada ya hapo karibu yote yanahusu karatasi: zitunzwe vipi, zisomwe vipi, na nyingine zitafutwe wapi. Tumewapa watu wanaoifanya kazi hiyo wayajibu.

Asalaam aleikum. Katika nyumba ya marehemu bibi yetu tumekuta sanduku la bati lenye barua, daftari, picha na risiti za mama mmoja wa Kizungu, Mquaker na mpinga vita, aliyekuwa rafiki yake. Mjomba anasema tuzipange kwa tarehe na tutupe takataka. Tuanze wapi? (Msomaji, Wete)

Waaleikum salaam. Kwa heshima zote kwa mjomba, kwanza asitupe kitu, na asipange kitu.

Mpangilio mliokuta sandukuni ni sehemu ya habari yenyewe. Barua iliyofungwa pamoja na rasimu ya jibu lake, muhtasari wa kikao na risiti ya nauli inaonesha jinsi mama huyo alivyofanya kazi: nani alimwandikia, akaamua nini, akasafiri kwa pesa ya nani. Mkizitawanya kwa tarehe, uhusiano huo unakatika na hakuna atakayeweza kuurudisha. Kwa hiyo pigeni picha sanduku likiwa wazi kabla ya kugusa chochote, kisha pigeni picha kila tabaka kabla ya kulinyanyua. Kila furushi lipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kabrasha, si kwenye barua. Ikilazimu kuandika kwenye karatasi yenyewe, tumieni penseli laini, 2B kwa mfano, kwenye kona ya nyuma, karatasi ikiwa imelazwa juu ya meza ngumu. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo kabisa.

Halafu andikeni orodha. Kila mstari uwe na namba, aina ya karatasi, aliyeandika, aliyeandikiwa, tarehe kama ilivyoandikwa, idadi ya kurasa na hali yake. Bahasha ibaki na barua yake. Ikiwa barua ni 14, bahasha iwe 14a. Muhuri wa posta mara nyingi ndiyo tarehe pekee mtakayopata, na anwani inaonesha mwandishi au mwandikiwa alikuwa wapi wakati huo.

Kuhusu hizo zinazoitwa takataka: kwa mpinga vita, vikaratasi vidogo ndivyo ushahidi wa msimamo wake. Kathleen Lonsdale, mwanasayansi Mquaker wa Uingereza, alikataa kujiandikisha kwa kazi za ulinzi wa raia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akakataa pia kulipa faini ya pauni 2, akafungwa mwezi mmoja katika gereza la Holloway mwaka 1943. Jambo kama hilo hujulikana kwa undani kupitia hati ya kuitwa mahakamani, risiti na barua fupi za gerezani. Ndivyo vitu ambavyo mtu mwenye haraka ya kusafisha hutupa mwanzo.

Orodha ikiisha, ondoeni vinavyodhuru. Raba bendi huyeyuka na kuganda kwenye karatasi, zikateni, msizivute. Pini na klipu zenye kutu zisivutwe pia: ingizeni kipande cha plastiki chembamba na laini chini ya pini, fungueni miguu yake taratibu, kisha itoeni kwa juu. Ikiwa kutu imeshashika karatasi, afadhali iachwe kuliko kung'oa tundu. Selotepu ya zamani msiibandue, maana hutoka na wino. Vipande vya magazeti vina asidi na huacha kivuli cha kahawia kwenye barua iliyo jirani, hivyo vitieni kwenye kabrasha lao na muandike vilitoka furushi gani. Kwa karatasi, mikono mikavu iliyooshwa kwa sabuni ni bora kuliko glavu, kwa sababu glavu huondoa hisia za vidole na ncha za karatasi huchanika. Glavu ni za picha.

Makabrasha na maboksi yasiyo na asidi si rahisi kupatikana madukani kwetu. Tumieni karatasi nyeupe ya kawaida ya mashine ya fotokopi, ambayo nyingi za siku hizi hazina asidi, kama tabaka la kutenganisha, na kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila wanga kufunika nje. Bahasha za kaki ziepukwe. Kabrasha moja lisizidi unene wa sentimita 2 au 3. Sanduku likae juu ya rafu, angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na lisiegemee ukuta wa nje. Kuta za mawe na chokaa hufyonza maji ya mvua na kuyatoa ndani polepole kwa miezi.

Nyaraka za familia zimeota ukungu masika hii, na nyingine zimeliwa na wadudu. Nimeshauriwa kuzianika juani, kuzifukiza ubani na kuzitilia karafuu. Ni sawa? (Mama wa nyumbani, Mkoani)

Hapana, dada, yote matatu yana madhara. Jua hufifisha wino na kuikunja karatasi. Moshi wa ubani huacha masizi yenye mafuta, na masizi hayo hushika vumbi na unyevu. Karafuu ina mafuta yanayotia madoa ya kudumu, na hatungemwamini mdudu mwenye njaa kuikwepa. Mchele wa kukausha nao huita wadudu wapya. Vidonge vya naftalini viwekwe mbali pia, kwa sababu mvuke wake hudhuru mapafu na hauingii kwenye moyo wa furushi.

Tazama kwanza ukungu wako ni wa aina gani. Ukiwa na unyevu na ukipakazika kwa kidole, bado uko hai: usiusugue, utauingiza ndani ya karatasi. Tandaza kurasa kivulini penye upepo, juu ya kitambaa safi, feni ipulize hewa ya chumba isielekezwe kwenye karatasi. Ukishakuwa mkavu kama unga, vaa barakoa ya N95, toka nje, na uufagie kwa brashi laini ya rangi ukielekea mbali na uso wako. Kitambaa kibichi na dawa ya kung'arisha nguo visitumike. Doa litabaki, na doa halili karatasi.

Karatasi zilizolowa kabisa zina takriban saa 48 kabla ukungu haujaanza. Usizibandue zikiwa zimeshikana na maji. Kama huwezi kuzianika zote siku hiyo, zifunge kwenye mifuko ya plastiki kwa mafungu madogo, uzitie kwenye friza, uzianike fungu baada ya fungu.

Friza hiyo hiyo ndiyo dawa ya wadudu. Funga karatasi kavu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba vizuri, ziache wiki mbili kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri. Ukizitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Hewa yetu yenye unyevu ikikutana na karatasi baridi hugeuka maji, na hapo utakuwa umeanzisha ukungu upya. Picha za kioo zisiingizwe friza. Na kama mharibifu ni mchwa, friza itaokoa karatasi lakini haitaokoa nyumba: tafuta zile njia za udongo ukutani na chini ya rafu kabla hujarudisha sanduku.

Baada ya hapo vita ni dhidi ya unyevu. Juu ya asilimia 65 ukungu huota, na visiwa vyetu hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Kwa familia, njia ya bei nafuu ni boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani yake pakiti za silika jeli na kipima unyevu kidogo, ukilenga asilimia 45 hadi 55. Silika jeli ikiachwa chumba wazi haina kazi. Ile ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, kisha irudishe. Na usifungie karatasi zenye unyevu kwenye boksi kama hilo kabla hazijakauka, utakuwa umezipikia ukungu. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku nacho ni kibaya kuliko feni tu, kwa sababu chumba kilichopoa hupokea hewa ya joto na kila kitu hutoa jasho.

Naandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kuhusu wanawake wa amani. Nataka kutumia karatasi za Emily Greene Balch. Ziko wapi, na niombe nini bila kusafiri? (Mwanafunzi, Tunguu)

Mkusanyiko mkuu wa Balch, mwanaharakati wa amani wa Kimarekani, uko kwao Marekani, katika Swarthmore College Peace Collection, jimbo la Pennsylvania. Hifadhi hiyo ilianza mwaka 1930 kwa karatasi za Jane Addams, mwenzake wa karibu katika harakati za amani. Kabla ya kuandika maombi, tahadhari moja inayowapoteza wengi: hati ziitwazo Swarthmore Manuscripts haziko Swarthmore. Hizo ni barua za Waquaker wa karne ya 17, zilizokusanyika nyumbani kwa Margaret Fell, mmoja wa Waquaker wa mwanzo, Swarthmoor Hall, kaskazini mwa Uingereza, na zimehifadhiwa London, katika maktaba ya Marafiki iliyoko Friends House, barabara ya Euston. Chuo cha Marekani kilichukua jina la nyumba hiyo. Ukiomba kimoja kwa jina la kingine utasubiri majibu ya wiki kadhaa bure.

Usiombe "barua za Balch kuhusu amani". Maisha yake yote yalikuwa hayo. Omba kwa miaka ambayo jambo lilibadilika. Alizaliwa 1867, akafundisha uchumi na sosholojia Wellesley College. Mwaka 1915 alihudhuria mkutano wa wanawake mjini The Hague, uliokusanya zaidi ya wajumbe 1,000 vita vikiwa vinaendelea, kisha akawa katika ujumbe uliokwenda kwa serikali za nchi za Skandinavia na Urusi kutafuta usuluhishi. Wellesley ilikataa kumwongezea mkataba kwa sababu ya msimamo wake dhidi ya vita, akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei. Kuanzia 1919 akawa katibu wa shirika la wanawake la amani na uhuru, WILPF, mjini Geneva. Mwaka 1921 akajiunga na Waquaker. Mwaka 1926 akaenda Haiti na ujumbe kuchunguza ukaliaji wa jeshi la Marekani, na kitabu kilichotokana na safari hiyo kikatoka 1927. Mwaka 1946 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na John Mott.

Kwa tasnifu, miaka tunayokusihi uiombe ni 1939 hadi 1945. Balch aliyepoteza kazi kwa kupinga vita vya kwanza hakuvipinga vita dhidi ya Hitler kwa namna ile ile. Alifikia, kwa uchungu, kukubali kwamba havikuepukika, huku akitetea wanaokataa jeshi kwa dhamiri na kuwasaidia wakimbizi. Wanaotaka shujaa asiyeyumba huruka miaka hiyo na kunukuu hotuba ya Nobel. Mtafiti makini ataketi hapo hapo, kwa sababu ndipo anapoonekana mtu mzima akipima imani yake mbele ya jambo zito.

Sasa namna ya kuomba. Fungua mwongozo wa mkusanyiko kwenye intaneti, nukuu jina la mkusanyiko, namba yake (za Swarthmore nyingi huanza na herufi DG), kitengo, boksi na kabrasha. Omba makabrasha mawili au matatu mahususi, uulize bei ya kunakili na idadi ya kurasa kabla ya kukubali. Baadhi ya karatasi zimo pia kwenye filamu ndogo (microfilm), ambazo maktaba yaweza kuazima kwa niaba yako. Na kumbuka kanuni inayosahauliwa mno: barua aliyoiandika mtu haiko kwake, iko kwa aliyeipokea, isipokuwa kama alibaki na nakala ya kaboni. Katika karatasi za Balch utakuta zaidi alichoandikiwa. Alichoandika yeye kitafute kwenye karatasi za Addams na kwenye kumbukumbu za WILPF. Za ofisi ya kimataifa ziko Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, na za tawi la Marekani ziko Swarthmore.

Ndugu zetu wa Wete nao wazingatie hilo. Sanduku lao lina upande mmoja wa mazungumzo. Barua za bibi kwenda kwa rafiki yake, kama zipo, ziko kwenye karatasi za rafiki.

Barua tunazosoma zina tarehe kama "siku ya kwanza, 14 ya mwezi wa tatu". Tuzielewe vipi? (Mwalimu wa historia, Chake Chake)

Waquaker wa zamani walikataa majina ya miezi na siku yaliyotokana na miungu ya Kirumi na ya kaskazini ya Ulaya, wakatumia namba. Siku ya kwanza kwao ni Jumapili. Msiihesabu kuwa Jumamosi. Kuanzia 1752, mwezi wa kwanza ni Januari, basi mwezi wa tatu ni Machi. Kabla ya hapo, nchini Uingereza mwaka ulianza Machi 25 na mwezi wa kwanza ulikuwa Machi.

Mfano mzuri ni tamko maarufu la amani walilompa Mfalme Charles II. Lina tarehe ya 21, mwezi wa 11, mwaka 1660. Kwa hesabu ya leo hiyo ni Januari 1661, si Novemba 1660. Margaret Fell alishampelekea mfalme tamko la namna hiyo mwezi wa 4 mwaka 1660, yaani Juni, miezi saba kabla ya lile la wanaume. Anayesoma namba hizo kwa kalenda ya sasa huliweka kila tamko miezi miwili kabla ya wakati wake.

Katika orodha, andikeni tarehe kama ilivyo, kisha ya leo kwenye mabano ya mraba. Fanyeni hivyo hivyo kwa barua za Kiarabu na za Kiswahili cha hati ya Kiarabu: amri ya 1897 ni ya Mfungo Pili 1314, na tarehe zote mbili zinastahili kuonekana.

Waliokombolewa Pemba, hasa wanawake, wanaonekana wapi kwenye karatasi hizi? (Msomaji, Michenzani)

Wanaonekana kidogo, na mara nyingi bila jina. Barua za wamisheni ziliandikwa kwa wafadhili wa Uingereza, hivyo husifu kazi ya shamba na shule; mwanamke aliyekuja Banani kuomba kazi anaweza kuwa "mke wa fulani" tu. Isitoshe, amri ya 1897 haikuwagusa masuria. Wao waliingizwa kwenye sheria mwaka 1909. Kwa hiyo mwanamke asiyeonekana kwenye maombi ya uhuru ya miaka ya mwanzo huenda sheria ilimzuia tu.

Soma pande mbili kwa pamoja. Kumbukumbu za wamisheni wa Kiquaker ziko London, katika maktaba tuliyoitaja. Upande wa serikali uko Nyaraka za Taifa, Kilimani: mafungu ya AA ni ya ubalozi wa Uingereza, na AB ni mafaili ya sekretarieti. Nenda na barua ya utambulisho, kitambulisho na penseli. Usianze kwa jina la mtu, maana jina moja huandikwa kwa tahajia tatu au nne na aliyeachwa huru huweza kubadili jina. Anza kwa jina la shamba au mji na miaka miwili mitatu, kisha shuka hadi kwa mtu.

Tunataka kupiga picha barua kwa simu. (Kikundi cha vijana, Jang'ombe)

Inatosha kwa nakala ya kusomea. Kaeni karibu na dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja, zimeni mwako wa kamera, simu iwe sambamba na ukurasa kwenye stendi au juu ya rundo la vitabu pande mbili. Pigeni kila ukurasa mzima pamoja na kingo zake, nyuma na mbele, hata nyuma ikiwa tupu. Wekeni rula kwenye picha ya kwanza. Faili liitwe kwa namba ya orodha, mfano 014_01, 014_02, si jina ambalo simu imelitoa. Mkipata skana, tumieni dpi 300 hadi 400 kwa barua na 600 kwa picha, na mhifadhi asili kwa TIFF, aina ya faili inayotunza picha bila kuipunguzia ubora. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nyumba nyingine. Msitume kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu huzibana na herufi ndogo hupotea. Tumeni kama waraka.

Je, tunaweza kuzichapisha? Ndani yake yamo majina ya watu wa kijiji chetu. (Msomaji, Wete)

Mwenye karatasi si lazima awe mwenye haki ya kuzichapisha. Haki ya barua ni ya aliyeiandika, na baada yake warithi wake. Nchini Uingereza barua ambayo haikuwahi kuchapishwa, ya mtu aliyefariki kabla ya 1969, kwa kawaida inalindwa hadi mwisho wa 2039. Kwa karatasi za hapa, ulizeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla ya kuchapa.

Majina ni jambo zito zaidi ya sheria. Barua inayomtaja mtu kuwa mtumwa wa fulani, au kueleza ugonjwa, deni au talaka, inawagusa wajukuu walio hai na wanaosalimiana kila siku. Msiifute sentensi wala msikate ukurasa. Fungeni kabrasha hilo peke yake, waulizeni wazee wa familia zinazohusika, na kwenye orodha andikeni wazi kwamba lipo, lina kurasa ngapi, limefungwa kwa sababu gani na litafunguliwa mwaka gani. Mkilikabidhi sanduku kwa hifadhi ya nyaraka, sharti hilo liandikwe kwenye hati ya makabidhiano, isainiwe pande zote mbili, na nakala moja ibaki kwenu.